Mtumbwi wa Mama Limi

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida, Martina aliamka akilalamikia mgongo, na lawama akaupa mtumbwi.

Walikuwa Masumbwe, wamelala ndani ya Haisi yao nje ya geti la mkwe wao, Adam. Mtumbwi wa mpira ulikuwa umekunjwa chini ya godoro, ambako mumewe, Sostenes, aliuficha usije ukaibwa. Aliyeutaka ni Martina. Aliyeuchagua ni Martina. Ila kila alipoamka na alama ya valvu ubavuni, alimtazama Sostenes kama vile yeye ndiye aliyeuzaa.

"Leo hili dude linahamia upande wako," alisema.

"Upande wangu kuna tairi la spea."

"Basi spea ije kwangu. Spea ina adabu."

Akashuka, akafunga kanga yake vizuri, akawasha jiko dogo la gesi pale mlangoni mwa gari, akabandika uji. Upande wa pili wa barabara makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, yalikuwa yameshaanza kunguruma. Limi, binti yao, akatoka getini na sahani ya michembe, vile viazi vitamu vikavu, iliyochemshwa, maana alijua mama yake hana habari na mkate.

"Mwangaluka mayo," alimwamkia mama yake kwa Kisukuma. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Watoto wameamka?"

"Wameamka. Mama, Adam anaona aibu jamani. Chumba cha wageni kipo, kina feni, kina kila kitu. Watu wakipita wanauliza, wazazi wa Limi wamefukuzwa?"

"Waambie hatujafukuzwa," alisema Martina. "Waambie tuna heshima."

Limi akacheka, akarudi ndani. Maneno hayo alikuwa ameyasikia kila safari.

Walikuwa njiani kwenda Nkome, ziwani, kwao Martina. Safari hii Sostenes alikuwa ameahidi kwamba atapanda mtumbwi. Ahadi hiyo alishaitoa zaidi ya mara moja, na kila mara lilitokea jambo. Upepo. Goti. Breki za gari. Akapuliza uji wake, akauliza kama mtu anayeuliza tu:

"Hivi huko ng'ambo kwenyewe kuna nini, Mama Limi?"

Martina akamjibu. Halafu akacheka peke yake, akamwongezea sukari bila kuombwa. Sostenes hakulitia maanani lile jibu. Alikuwa anaonja kama sukari imekolea.

Martina alikuwa Mzinza wa ziwani. Mama yake alilima mihogo ng'ambo ya hori, ule mkono wa ziwa unaoingia nchi kavu, na njia ya kwenda shamba ilikuwa maji. Alijua kupiga kasia kabla hajajua kusonga ugali, na ugali wake, mtu akisema kweli, haukuwahi kulifikia kasia. Sostenes alikwenda kumposa kwa lori na akamchukua kwa lori, akampeleka Samuye, Shinyanga, nchi ya pamba na ng'ombe, ambako maji hutembelea baiskeli yakiwa ndani ya dumu. Akakaa huko, akazaa huko, akazeeka huko. Hakulalamika. Mara mojamoja tu, watu wakisifu uzuri wa bwawa fulani, alikuwa anauliza, "Bwawa lipi? Kile kidimbwi?"

Sostenes kwa upande wake alikuwa mtu wa nchi kavu kabisa. Alipokuwa mdogo aliteleza lamboni wakati wa kunywesha, akatoka akiwa ameng'ang'ania mkia wa ng'ombe. Tangu siku ile alishajua, kati ya maji na ng'ombe, ni yupi wa kumwamini. Alikuwa dereva. Haisi yake ilipiga njia ya Kahama miaka na miaka, na Martina akienda naye alikaa kiti cha mbele, kushoto. Akisema "kuna shimo pale," Sostenes alijibu "nimeliona," kisha gari linaingia shimoni.

Abiria walipohamia kwenye mabasi makubwa, Haisi ikabaki uani, kuku wakaanza kutagia chini ya usukani. Haikugeuzwa nyumba kwa ajili ya utalii. Ilikuwa ni kwa sababu ya mkwe. Limi aliolewa Masumbwe na Adam, mwenye maduara mawili, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, na nyumba ya vigae, na kwa Martina mama halali chini ya paa la mume wa binti yake, hata paa liwe zuri namna gani. Kwa hiyo kila alipokwenda kuona wajukuu alikwenda na kurudi siku hiyohiyo, amejaa vumbi, hajawaona vizuri. Mwisho Sostenes akang'oa viti vya abiria. Fundi akaingiza kitanda cha mbao. Martina akashona mapazia ya kitenge, wakapakia jiko, madumu na chandarua. Paa likawa la kwao wenyewe, hata likiegeshwa mlangoni kwa mkwe. Heshima ikabaki palepale, na wajukuu wakaonekana.

Baada ya hapo mtu angewatoa vipi barabarani? Masumbwe wakaenda, Geita wakaenda, Nkome wakaenda. Na ni huko, kwenye ufukwe mmoja, walipomwona mzungu wa mgodini akitoa begi garini, akakanyaga pampu, begi likawa mtumbwi. Akaingia majini. Aliporudi akautoa upepo, akaukunja, akaurudisha garini, akaondoka zake.

Walipofika lami Martina akamgeukia Sostenes.

"Umeuona?"

"Nimeuona," alisema Sostenes, na kwa mara ya kwanza lile neno lilimwogopesha.

Haukupita mwaka mzungu mmoja, labda huyohuyo, akarudi kwao, na vitu vyake vikauzwa. Mnunuzi alikuwa Vipul, wa duka la vitenge na sufuria mjini Shinyanga, mtoto wa Champaben. Champaben na Martina walijuana tangu nguo za harusi ya Limi, na pengine kabla. Habari za mitumbwi zikafika Samuye haraka kuliko mitumbwi yenyewe.

Walimkuta Champaben kwenye stuli yake nyuma ya kaunta.

"Shikamoo Mama Vipul."

"Marahaba Mama Limi. Umekuja kwa hiyo kitu? Mimi nilimwambia huyu mtoto. Hapa Shinyanga mvua yenyewe inakuja kwa kubembelezwa, wewe unaleta mitumbwi!"

Huyo mtoto alikuwa na mvi kidevuni. Akatoka stoo akiburuta mabegi mawili.

"Shikamoo mama, shikamoo mzee. Iko miwili. Hii nyekundu ya mtu mmoja, hii ya buluu ya watu wawili. Zote kayaki nzuri kabisa, za upepo, haziozi."

Akaanza kuijaza upepo barazani, akikanyaga pampu huku jasho linamtoka. Watu wakasimama. Muuza karanga akasogeza sinia lake karibu. Mitumbwi ikajaa, ikalala juu ya saruji kama nyati wawili walioshiba, mwekundu mfupi na wa buluu mrefu hadi mguu mmoja wa mpita njia ukaugonga.

"Hii nyekundu," alisema Vipul akitazama simu yake, "ina nyota nne na nusu."

"Nani ameipa?" aliuliza Martina.

"Watu walioitumia. Ulaya, Amerika."

"Kuna yeyote wa Samuye?"

"Hapana mama."

"Basi hizo ni nyota za kwao."

Yeye aliichagua mitumbwi kama anavyochaguliwa ng'ombe mnadani. Akaizunguka kwanza kwa mbali, kama hana shida nayo. Akakandamiza mbavu. Akaunusa mpira. Akamwomba Vipul aigeuze aone tumbo, akapitisha kiganja kwenye mishono yote, akaweka sikio kwenye valvu akasikiliza kama inahema. Alipomaliza hakusema kitu, maana mnunuzi hasifu mbele ya mwenye mali.

Sostenes alikuwa ameandaa sababu zake tangu Samuye.

"Mwekundu," alisema. "Huo ndio mtumbwi. Mwepesi. Unaingia chini ya kitanda, haugusi dumu. Wa buluu ni mzito, tutaubeba na nani? Halafu mrefu hivyo, ukipata pancha ni pancha ndefu."

"Pancha ndefu ndiyo nini?" aliuliza Champaben kutoka ndani.

"Kuna pancha na pancha, Mama Vipul. Mimi ni dereva."

Martina alikuwa ameinama kwenye mtumbwi wa buluu. "Na tukichukua mwekundu wewe utakaa wapi?"

"Mimi nitakuwepo. Nitakuwa nakuangalia. Lazima mtu abaki na gari."

Champaben akachukua kitenge kilichokuwa kimeshakunjwa, akaanza kukikunja. Kila aliyekuwa pale alielewa kwamba hapa hakuchaguliwi mtumbwi. Hata muuza karanga alielewa. Martina alitaka kuvuka lile hori mara moja tena, na hakutaka kuvuka peke yake. Sostenes alikuwa anaogopa maji, na alikuwa anatafuta mtumbwi ambao hauna nafasi yake.

Vipul peke yake hakuelewa, akaendelea kuuza. "Hii ya buluu mzee ni raha sana. Wa nyuma ndiye anaendesha. Anapiga kasia, anakata kona, yeye ndiye dereva. Wa mbele anakaa tu, anaangalia nchi."

"Dereva anakaa nyuma?"

"Ndiyo mzee."

"Gari gani hilo?"

Martina akanyooka. "Hebu rudia hapo, mwanangu."

Vipul akarudia. Wa nyuma anaendesha, wa mbele anakaa tu. Martina akamsikiliza mpaka mwisho, na baada ya hapo hakuuliza tena habari za viti.

Lakini hakununua. Ng'ombe wa kununuliwa huangaliwa asubuhi, kabla hajanywa maji, ndipo utajua kama jana alijazwa tumbo kwa ajili yako. Akaomba mitumbwi yote miwili ilale na upepo wake, watakuja kesho. Vipul akamtazama mama yake. Mama yake akasema kama kila mteja angelaza mali kwanza ndipo anunue, duka lingekuwa limefungwa zamani, lakini wakaiingiza, na usiku ule duka la vitenge likalaza mitumbwi.

Asubuhi mwekundu ulikuwa umelegea, pua imeinama. Wa buluu ulikuwa umepungua kidogo tu.

"Valvu sikuifunga vizuri, mama, naapa," alisema Vipul. "Ni kosa langu, siyo la mtumbwi."

"Ni baridi ya usiku," alisema Sostenes kwa haraka. "Baridi hupunguza upepo. Hata tairi."

"Baridi?" alisema Champaben. "Shinyanga?"

Martina akaubonyeza mwekundu ubavuni kwa kidole kimoja. "Amekonda kwa usiku mmoja. Safarini atafanyaje?"

Inawezekana kabisa Vipul alisema kweli. Inawezekana hata Sostenes alisema kweli. Wa buluu ukapakiwa. Vipul akawakimbilia na majaketi ya kuelea, ya rangi ya chungwa.

"Moja linatosha," alisema Sostenes.

"Mawili," alisema Martina.

Akayabeba mwenyewe, yote mawili.

Mafunzo yalifanyika Samuye, uani, juu ya mchanga. Martina alisema mtu akizoea kukaa kwenye mtumbwi mahali pasipo na maji, maji yatakayokuja baadaye ni kitu cha kuongezea tu. Sostenes akakubali, kwa sababu mchanga alikuwa hauogopi. Akavaa jaketi lake la chungwa, akakaa mbele. Martina akakaa nyuma na kasia. Jioni hadi jioni wazee wawili wakawa wanavuka ua wao wenyewe, kuku wakipisha.

"Usishike pembeni," Martina alikuwa anasema.

"Sishiki."

"Umeshika. Na usigeuke kuniangalia, tutapinduka."

"Tutapindukia wapi?"

Wangekuwa nchi nyingine, majirani wangecheka basi. Lakini ulikuwa ni msimu wa kusubiri mvua, na mvua ilikuwa haijatuma hata wingu. Wa kwanza kusimama kwenye uzio alikuwa Scolastika, jirani wa karibu.

"Mama Limi, mmeota nini?"

"Hatujaota. Tunajifunza."

"Mnajifunza kitu gani ambacho sisi hatujaambiwa?"

"Kuvuka maji."

Hilo neno likatembea. Herman, ambaye alikuwa na ng'ombe wa plau na alijiona ana akili za hali ya hewa, akasema yule mama ni mtu wa ziwa, na mtu wa ziwa akinunua mtumbwi akauleta Samuye hawezi kuwa amechezea mali yake bure. Kesho yake akafunga plau. Wengine wakaona Herman amefunga plau. Mbegu zikaingia kwenye ardhi kavu, mahindi na pamba, kwa imani ya mtumbwi. Ikadondoka mvua moja ya kulaza vumbi, mbegu zikachomoza zikaangalia huku na huku, jua likazimaliza.

Basi wakaja, kwa heshima zote, mwenyekiti wa kitongoji mbele na Herman nyuma yake.

"Baba Limi, Mama Limi, hatusemi kwamba mmefunga mvua," alisema mwenyekiti.

"Hatusemi hivyo," alisema Herman, kwa sauti ya mtu anayesema hivyo.

"Tunasema tu kwamba mkilikunja hilo boti, tutaona."

Martina akawatazama mmoja mmoja. "Mlipanda kwa ajili ya mtumbwi, sasa mnataka kuvuna kwa kuukunja?"

"Ndiyo, mama."

Akaukunja. Na wiki ileile mvua ikanyesha, kubwa, ya kujaza malambo. Nani angewaambia kitu tena? Hadi leo Samuye wanajua kwamba mvua ya mwaka ule ilifungwa na boti la Sostenes, na ikafunguliwa na Herman.

Kwa hiyo mtumbwi ukawa hauna pa kukaa ila ziwani. Wakaupeleka Nkome. Theonest, kaka yake Martina, alikuja kuwapokea ufukweni na nusu ya kijiji, maana habari za mtumbwi wa kutoka Shinyanga ni kitu cha kuacha kazi. Martina akaujaza, akausukuma kwenye maji ya magotini, akashika nyuma, akangoja.

Sostenes akasema upepo.

"Upepo upi?" aliuliza Theonest. Majani yalikuwa yametulia kimya.

"Unakuja," alisema Sostenes. "Naujua upepo."

Martina hakubishana. Akabeba gunia la mchanga, akaliweka kiti cha mbele ili mtumbwi usiinue pua, akaingia. Ndipo Sostenes akafanya jambo ambalo watu wa Nkome wanalisimulia mpaka leo. Akachukua kamba ya ng'ombe garini, ile ndefu ya kulishia, akaifunga nyuma ya mtumbwi, akachimbia kigingi mchangani na kukigongelea kwa jiwe. Mifugo yake yote aliichunga hivyo. Unaipa kamba ndefu, inakula inachotaka, jioni unaikuta.

Martina akapiga kasia kama msichana. Akaenda vizuri, mgongo umenyooka, akafika mwisho wa kamba, mtumbwi ukashtuka ukageuka. Akajaribu kushoto, ukageuka. Akajaribu kulia. Mwisho akawa anazunguka tu kama mbuzi kwenye jani bichi, na ufukwe mzima umekaa chini kwa kucheka.

"Shemeji!" Theonest aliita, anafuta machozi. "Akimaliza majani ya pale, umhamishe!"

Sostenes alisimama kando ya kigingi chake, hacheki. Alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili.

Martina aliporudi nchi kavu hakukasirika. Alifungua fundo mwenyewe, akaikunja kamba vizuri, akampa. Akasema akiwa amemtazama usoni, "Wewe umenijua nikiwa nchi kavu tu." Usiku huo Sostenes akatoa ahadi yake ya kwanza.

Nyingine zikafuata, hadi ile ya Masumbwe. Na ya Masumbwe ilikuwa ya kweli. Breki alikuwa ameshazikagua kabla ya safari ili zisipatikane kuwa sababu.

Uji ulipoisha Martina aliosha vikombe. Mchana akasema kichwa kinauma. Limi na Adam wakampeleka hospitali, Sostenes akiwa ameshika mkono wake kiti cha nyuma cha gari la Adam. Jioni hakusema tena.

Wakati wanasubiri safari ya Samuye, jeneza likaletwa nyumbani kwa Adam watu wapate kumuaga. Hakukuwa na mahali pengine pa staha, likawekwa chumba cha wageni, chini ya feni. Adam aliiwasha feni mwenyewe. Basi Martina akalala kwa mkwe wake, kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyeweza kumuuliza kama anaona vibaya.

Sostenes alikataa gari la kukodi. Akang'oa kitanda cha Haisi, jeneza likaenea. Limi akakaa mbele, kushoto. Barabara nzima Sostenes aliendesha polepole, akikwepa kila shimo, hata yale ambayo hayakuwa mashimo. Mara kwa mara alitazama kioo cha kati. Safari hii Martina alikuwa amekaa nyuma.

Msibani watu walikuwa wengi, na bomba la kijiji lilikuwa limekauka kama kawaida yake. Boza la maji likaja, lakini hakukuwa na chombo cha kutosha. Scolastika akakumbuka. Wakautoa mtumbwi, wakaujaza upepo, wakaufungulia boza. Mtumbwi wa Mama Limi ukapata maji yake Samuye, ila kwa ndani, na wanawake wakaoshea vyombo vya msiba humo kuanzia pua hadi nyuma. Sostenes alipoona akageukia ukuta, mabega yanamtikisika. Watu wakamwacha alie. Alikuwa anacheka. Baadaye akawa halii wala hacheki, wakamletea kiti.

Baada ya arobaini maneno yakaanza. Herman aliutaka uwe hori la kunyweshea ndama, alisema mvua sasa anajua kuzifungua. Adam, kwa aibu yake nyingi, alieleza kwamba duara lake moja limeingia maji, na kitu kama kile kingesaidia sana mafundi, ila kama baba anaona vibaya basi. Sostenes akawaambia wote kwamba mtumbwi una safari.

Akaenda Nkome peke yake, kiti cha kushoto kitupu. Theonest alimpokea palepale ufukweni, safari hii bila kijiji. Wakaujaza pamoja. Tundu moja lilikuwa limeachwa na uma wa msibani, Sostenes alikuwa amelibandika kiraka mwenyewe kwa solusheni ya tairi, na kilishika.

"Shemeji, leo hukuja na kamba?"

"Ipo garini."

"Niilete?"

"Iache huko."

Akavaa jaketi lake la chungwa. La pili aliliweka kiti cha nyuma, kisha akalichukua akampa Theonest, maana Theonest ndiye angekaa pale. Maji yakamfika magotini, yakawa baridi, akaendelea. Akapanda. Mtumbwi ukayumba, akashika pembeni, akakumbuka, akaachia.

Ukikaa mbele humwoni anayepiga kasia. Unasikia maji tu, upande huu, upande ule. Sostenes hakugeuka. Theonest alisema kitu mara moja kuhusu upepo, Sostenes hakujibu, na Theonest naye akanyamaza. Kabla ya kufika katikati, mikono ya Sostenes ilikuwa imelala mapajani, na hakumbuki aliilaza lini.

Ng'ambo alishuka, akapanda mchangani, akatazama. Palikuwa na mihogo. Mistari ya mihogo ya watu wengine, kichanja cha kuanikia dagaa, na bibi mmoja aliyewaamkia akaendelea kupalilia. Akatembea mpaka mwisho wa shamba, akatafuta zaidi. Mihogo.

Ndipo jibu la Masumbwe likamrudia, lote, pamoja na kicheko chake. Martina alikuwa ameshika kijiko cha sukari wakati anamwambia:

"Ng'ambo hakuna kitu, Baba Limi, ni mihogo tu. Mimi nataka siku moja ukae mbele, unyamaze, niendeshe mimi."